Fildi ya kusainiwa tu au fildi ya kujifunza? Anti anajibu barua zenu

Vyuo vikishafunga huku kwetu wanafunzi wanatawanyika kwenda fildi, yani mafunzo ya vitendo, maofisini, viwandani, hospitali, halmashauri, kila mtu na barua yake ya utambulisho mkononi. Wenzetu Kenya wanaita atachimenti, ni jambo lile lile. Barua za safari hii karibu zote zinazunguka hapo hapo, yani fildi inayoingia kwenye matokeo ina maana gani na mtu ataijuaje iliyo ya maana, kwa hiyo nimeamua ukurasa wote tuutumie kwa hilo.

Shikamoo anti. Niko mwaka wa pili nasoma uhasibu hapa Dar. Nimepata fildi kwenye ofisi moja ya serikali, wiki ya pili inaisha sijafanya kitu zaidi ya kutoa kopi, kupeleka mafaili masijala na kufuata vitafunwa vya saa nne. Supavaiza wangu yuko bize, nikimuuliza anasema we kaa tu nitakusainia. Wenzangu wananiambia nisijipe presha, logbuku, lile daftari la kazi za kila siku, inajazwa usiku wa mwisho na ripoti unachukua ya mtu wa mwaka jana unabadilisha majina. Sasa anti kama alama napata hivyo hivyo nahangaika nini? Na nikitaka kuhama naruhusiwa? – Mwanafunzi wa uhasibu, Ubungo

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri na nafurahi umeuliza wiki ya pili na sio ya nane.

Tuanze na hesabu maana we ni mhasibu. Kwenye mfumo wa TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kredit moja ni saa 10 za kujifunza, na digrii ya miaka mitatu inatakiwa iwe na kredit zisizopungua 360, sawa na 120 kwa mwaka. Hizo saa 10 sio za kukaa darasani tu, zinaingia lekcha, semina, kujisomea, mazoezi na kazi za vitendo. Sasa piga mwenyewe, wiki nane za fildi, siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, unapata saa 320, sawa na kredit 32. Chuo chako kinaweza kuipa fildi kredit chache kuliko hizo, fungua prospektasi utaona, lakini saa utakazokaa pale ni hizo hizo. Ni saa nyingi kuliko unazotumia kwenye somo lolote moja la muhula. Nikisikia mtu anazimaliza kwenye benchi anasubiri saini inaniuma kweli, maana nafasi ya kukaa ndani ya ofisi ya uhasibu na kuuliza maswali ya mtu asiyejua bila kuonekana hufai huwa haijirudii. Ukishaajiriwa ukauliza vocha inaandikwaje watu watakushangaa, sasa hivi hakuna wa kukushangaa.

Na kingine ujue, chuo hakikupi kredit kwa sababu ulikuwepo. Vyuo vingi vinachanganya tathmini ya supavaiza wa kazini, tathmini ya mwalimu anayekuja kukutembelea, na ripoti pamoja na logbuku. Yule mwalimu akija hakuulizi umesaini siku ngapi, atakuuliza umefanya nini na lile somo mlilosoma umelionea wapi. Ripoti ya kudesa inakufia hapo hapo mdomoni. Hata ikipita, kuna siku utakaa mbele ya watu wa usaili wamefungua CV yako imeandikwa ulifanya fildi ofisi fulani, watakwambia haya tueleze pale malipo yalikuwa yanapitia hatua gani.

Kwangu mimi fildi ya maana naipima hivi. Je kuna kazi ambayo usipoifanya leo kuna mtu ataona haijafanyika? Je kuna mtu anaiangalia akakurudishia, akakwambia hapa umekosea? Na je ukirudi bwenini jioni unaweza kuiunganisha na kitu ulichosoma? Ukiwa na hayo hata ofisi iwe chumba kimoja Manzese utatoka na kitu, na ukiyakosa hata iwe ghorofa ya 20 posta utatoka mtupu. Watu wanakimbilia majina makubwa, benki kubwa, TRA, bandari, wakifika wako wanafunzi wengi kwenye meza moja hakuna hata anayejulikana jina.

Sasa turudi kwenye ofisi yako. Hayo mafaili unayopeleka masijala umeshawahi kuyaangalia kwa jicho la mhasibu? Omba ruhusa kwanza, ukiruhusiwa chukua vocha moja tu ya malipo uikalie. Nani ameomba hela, nani ameidhinisha, inatoka kifungu gani cha bajeti, nyuma yake kumeambatishwa nini. Utakuta dokezo, oda ya manunuzi, hati ya kupokea vifaa, ankara ya mzabuni, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kila karatasi pale ipo kwa sababu, na sababu zenyewe ndo lile somo la udhibiti wa ndani mlilofundishwa na slaidi mpaka mkasinzia. Kisha uliza ile vocha ikitoka mezani inaingiaje MUSE, ule mfumo wa malipo wa serikali, nani anaingiza nani anaidhinisha, na kwa nini hawezi kuwa mtu mmoja. Na yale manunuzi yalianzia wapi, yalipitaje NeST, ule mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao. Ukiielewa safari ya vocha moja toka mwanzo mpaka hela imetoka, umepata nusu ya ripoti yako tayari.

Kuhusu supavaiza, usimwendee na "naomba kazi", mtu aliye bize hilo swali linamchosha maana inabidi sasa akae akutafutie. Mwendee asubuhi kabla watu hawajaanza kujaa mezani kwake na ombi moja lililoiva. Mfano chukua usuluhishi wa benki, yani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki: "Bosi, usuluhishi wa benki wa mwezi uliopita umeshaufunga, naomba nirudie mwenyewe kwenye karatasi yangu, nikimaliza unilinganishie na wa kwako." Hapo humwongezei mzigo wala huwezi kuharibu chochote, kazi imeshaisha, majibu anayo, anakusahihisha dakika tano. Ukilinganisha sawasawa kesho atakupa wa mwezi huu. Wengi wanaokwambia kaa tu sio wabaya, wanaogopa utaharibu kazi wakaulizwe wao.

Na logbuku jaza kila siku jioni kabla hujatoka getini. Nikuonyeshe tofauti. Wengi wanaandika hivi: "Jumanne, nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi." Mwalimu akisoma hana cha kukupa alama hapo. Sasa soma hii: "Jumanne, nimepanga vocha za malipo za Juni kwa namba na kukagua viambatisho. Vocha mbili hazikuwa na risiti ya EFD. Nimemuuliza mhasibu, amesema mzabuni ameleta ankara tu na malipo yamesimama mpaka alete risiti. Kwenye udhibiti wa ndani tulisoma kwamba malipo hayatoki bila ushahidi, leo nimeona yanavyozuiwa." Mistari michache tu lakini ina kazi, ina swali, ina jibu na ina darasa ndani yake. Ila majina ya watu na wazabuni usiyaandike, na usipige picha nyaraka za ofisi kwa simu hata kama kila mtu anafanya.

Kuhama unaweza, ila mapema na kwa maandishi kupitia mratibu wa fildi wa idara yako. Usijiondokee kimya kimya, mwalimu anakufuata pale ulipojiandikisha kufika, asipokukuta ni sifuri na utarudia mwakani wakati wenzako wanaendelea. Kama hela ya fildi unapewa na bodi ya mikopo ndo kabisa, hakikisha makaratasi yako yamekaa sawa. Mi ningekushauri ujaribu kwanza hilo ombi la usuluhishi wa benki, halafu uamue.

Sasa anti, mimi nasomea IT Nakuru, mwaka wa tatu. Nimetuma barua za atachimenti mpaka nimechoka, ofisi za kaunti wanasema wamejaa, wengine hata hawajibu. Mjomba ana duka la hadiwea na pia anafanya M-Pesa, ameniambia nikuje tu kwake atanisainia. Chuo kitakubali? Ama ningoje ile intanship ya serikali yenye inalipa? – Kijana wa Nakuru

Poa mwanangu. La mwisho kwanza, ile intanship ya utumishi wa umma ni ya waliomaliza, miezi 12, na haiingii kwenye digrii yako. Atachimenti ndo ya mwanafunzi. Ukiingoja ile utakaa, na bila atachimenti chuo kinaweza kukataa uhitimu. Wakati unaendelea kutafuta jaribu pia NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, maana kuunganisha wanafunzi na waajiri ni kazi yao, na uwe na bima ya ajali mkononi kwa sababu sehemu nyingi bila hiyo hawakupokei.

Sasa duka la mjomba. Duka silikatai hata kidogo, ninachokataa ni neno "atanisainia". Ukienda kukaa kaunta uuze misumari miezi mitatu hiyo ni msaada kwa familia, haina kredit ndani yake. Lakini hadiwea ina shida za IT kila kona. Mjomba anajuaje simenti imebaki magunia mangapi bila kuingia stoo kuhesabu? Mafundi wanaokopa wameandikwa kwenye daftari gani na likipotea je? Hela za till jioni zinalingana na mauzo? Mtengenezee mfumo mdogo wa stoku na madeni, uujaribu na data ya kweli, uweke na bakapu, halafu umfundishe yule dada wa kaunta autumie bila wewe. Huyo dada akishindwa kuutumia, andika kwenye ripoti ameshindwa wapi na umerekebisha nini, na nakwambia sehemu hiyo itakuwa nzuri kuliko kurasa zote za nadharia.

Kabla ya kuanza peleka mpango huo ukurasa mmoja kwa mwalimu wako wa idara, umwambie wazi kabisa kwamba mwenye duka ni mjomba wako. Usifiche. Omba tathmini ya kiufundi ifanywe na mtu mwingine, mfano mwalimu mwenyewe au fundi wa kompyuta mnayefahamiana aliye na ofisi. Mjomba asaini kwamba ulikuja na ulifanya, ubora wa kazi apime asiye ndugu. Mwalimu akikubali kwa maandishi, anza. Akikataa utakuwa umejua mapema.

Anti, naomba usitaje chuo wala mkoa. Supavaiza wangu wa fildi anasema logbuku hatasaini na alama atanipa ndogo mpaka nikubali kukutana naye jioni nje ya ofisi. Nimebakiza wiki tatu. Nifanye nini? – Msomaji

Binti yangu, usiende. Na usimjibu kwa maneno ya kubembeleza ambayo baadae ataonyesha kwamba ulikubali. Meseji zake usifute hata moja, andika pembeni tarehe, saa na maneno aliyosema. Leo hii mpigie mratibu wa fildi wa chuo, kama unaona ugumu kwa mratibu mwanaume nenda dawati la jinsia la chuo au mshauri wa wanafunzi, uombe kuhamishwa na kusainiwa na mtu mwingine wa ofisi ile. Alama ni mali ya chuo, yeye kapewa fomu tu ajaze, na chuo kina uwezo wa kuitupa fomu yake.

Anachofanya ni kosa la jinai. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 kifungu cha 25 kinasema habari ya mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma au upendeleo. TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bure. Mwambie na mtu mmoja nyumbani unayemwamini, mama, dada, shangazi, usilibebe mwenyewe. Wiki tatu za fildi zinalipika, tutapata namna.

Shikamoo anti, nakusoma toka Minnesota. Nasoma masoko kwa viza ya wanafunzi ya F-1, mwaka wa pili. Nimepata intanship ya kiangazi, kampuni inasema hailipi ila nitapata kredit tatu, chuo nacho kinasema kredit hizo nizilipie ada kama somo. Hii si nalipa ili nikafanye kazi ya watu? Mama nyumbani haelewi kabisa. – Kijana wa Mbeya aliyeko Marekani

Marahaba baba. Mama ana haki ya kutoelewa. Ngoja tuipasue.

Kule kredit yao sio kama ya kwetu. Kwa kanuni za serikali ya Marekani kredit moja ni kama saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki 15 hivi, inakuja karibu saa 45. Kwa hiyo kredit tatu ni kama saa 135 za kazi. Uliza kampuni inataka saa ngapi, maana kama wanataka ukae siku tano kiangazi chote, utafanya saa mara mbili au tatu ya hizo na kredit itabaki tatu. Kisha muulize mshauri wako wa masomo, hizi kredit zinaondoa somo la lazima kwenye digrii yangu au ni nyongeza tu? Kama zinaondoa somo ambalo ungelilipia vyovyote vile basi hujapoteza hela. Kama ni nyongeza na kuhitimu unahitimu bila hizo, mi nisingelipa.

Halafu jua hata kule swala la kutolipa lina kipimo. Januari 2018 Wizara ya Kazi ya Marekani ilichukua kipimo cha mahakama kinachouliza nani hasa anafaidika, mwanafunzi au kampuni, na wanaangalia mambo saba, mojawapo ni kama kazi imefungwa na masomo yako, na lingine kama unamsaidia mfanyakazi anayelipwa au umechukua nafasi yake. Kampuni yenye faida ikikupa kazi za mtu waliyempunguza mwezi jana, neno kredit haliwasafishi. Waombe kwa maandishi utafanya nini, nani atakusimamia, mtakaa kujadili mara ngapi.

La viza ndo usilifanyie mchezo. Kwa F-1 intanship ya masomo inapita kwenye CPT, ile ruhusa ya kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo, inabidi uwe umesoma mwaka mzima wa masomo kwanza, wewe umeshapita hapo, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaiandika kwenye I-20 yako, ile hati ya mwanafunzi wa kigeni, kwa jina la mwajiri huyo na tarehe hizo. Usianze hata siku moja kabla haijaandikwa. Na CPT ya muda wote ikifika miezi 12 unapoteza OPT, yani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ya baada ya kuhitimu kwa ngazi hiyo ya digrii, kiangazi kimoja hakikufikishi huko, ila weka hesabu.

Dada yangu habari za kazi. Nina karakana Mwanza, natengeneza mageti, madirisha na mashine za kusaga. Kila mwaka chuo cha ufundi kinaniletea vijana wa mekaniko wawili watatu, wanasimama pembeni na simu, mi naogopa kuwapa grainda wasije wakajikata. Mwisho wanataka niwajazie fomu na sijui nijaze nini. Niwafanyishe nini? Na natakiwa niwalipe? – Fundi, Mwanza

Salama kaka yangu, na ubarikiwe kwa kuwapokea, maana wengi wanafunga mlango kabisa.

Shida yako ni ya zamani. Mwaka 1906 huko Cincinnati Marekani mwalimu wa uhandisi anaitwa Herman Schneider alianzisha mpango wa wanafunzi 27, wiki moja chuoni wiki moja kiwandani, maana aliona kuna mambo ya uhandisi hayafundishiki ndani ya darasa. Lakini kile chuo na vile viwanda walipatana, hawakuleteana vijana na bahasha tu. Kwa hiyo mpigie mwalimu wao umuulize, mtaala unataka wajue nini mwaka huu, kupima, kuchora, kuchomelea, kuunga mashine? Akutumie ukurasa mmoja.

Wiki ya kwanza usiwape grainda, uko sahihi. Wape miwani, buti, wafundishe kuzima umeme kabla ya kugusa mashine, na simu zikae kwenye droo mpaka saa saba. Kisha wape kazi yenye mwanzo na mwisho. Mteja akija na oda ya geti, wao ndo waende kupima, wachore kwa vipimo, wakadirie skwea paipu ngapi, elektrodi paketi ngapi, rangi lita ngapi, wakuletee kabla hujanunua. We una makadirio yako kichwani, usiwaambie. Geti likiisha wakae waandike kilichotumika kweli na kilichotupwa, waeleze walizidisha wapi na kwa nini. Na mashine ya kusaga ikija inapiga kelele wasikilize kabla hujaifungua, wakwambie wanadhani ni beringi au mkanda au nyundo zimelika upande mmoja, halafu mfungue pamoja. Hapo ndo darasa na karakana vinakutana, na logbuku inajijaza yenyewe.

Hela, kama mpango wenu na chuo hausemi, hukatazwi na hulazimiki kuwapa mshahara, ila chakula cha mchana na nauli ya daladala inawapa moyo sana, wengine wanatoka mbali na mfukoni hawana kitu.

Fomu jaza ukweli. Usimpe kila mtu tano tano kwa kuwahurumia, kijana anayechelewa mwandikie anachelewa, anayepima vizuri lakini hajui kuchomelea andika hivyo hivyo kwa Kiswahili chako cha kawaida, chuo kitakuelewa. Na mkae nae umsomee kabla hujaifunga kwenye bahasha, asikie kutoka kwako na akuulize pale pale.